Wageni wa Zamu

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, aliamka siku moja ana neno moyoni. Kabla hata hajanawa uso akamwambia mke wake kwamba mtoto wao akitimiza mwaka watafanya sherehe hapo nyumbani, na wageni watakuwa wauguzi wa wodi ya watoto njiti, wote, bila kumwacha hata mmoja.

Mkewe, aliyekuwa msusi, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimnyonyesha huyo mtoto mwenyewe. Akamuuliza mumewe nani atapika.

"Tutapika," Cheche akasema.

"Hiyo 'tu' ni mimi na nani?"

Cheche akajikuna kichwa. Kwenye kazi ya mageti na madirisha hakuwa na mpinzani, lakini jikoni alikuwa mgeni kabisa. Hata chumvi ilipowekwa alikuwa akiuliza. Hata hivyo mkewe hakukataa. Alijua vizuri neno lile limetoka wapi.

Mtoto wao alikuwa amezaliwa wa miezi saba, uzito wake kilo moja na robo, na tangu siku hiyo wauguzi wakamwita Robo, jina likaganda. Siku arobaini na tatu alikaa wodini. Siku tatu za kwanza Cheche alisimama mlangoni tu. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto na ugumu wa chuma, na alipokitazama kile kiumbe kilichoenea kiganjani aliona kabisa kwamba akikigusa atakiharibu. Siku ya nne muuguzi mmoja wa makamo, mwenye miwani yenye kamba shingoni, alimvutia kiti cha plastiki, akamwambia akae, afungue vifungo vya shati. Akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa khanga, akasema, "Haya, baba. Kuanzia leo wewe ndiye blanketi lake." Kisha akaenda kwa mtoto mwingine. Cheche alikaa pale saa mbili hajatikisika, mguu umekufa ganzi, machozi yanamtiririka mpaka ndevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Basi sherehe ikapangwa, iwe Jumamosi saa kumi jioni. Cheche alikwenda mwenyewe hospitali kualika, mtu mmoja mmoja, akaongeza na mama wa usafi wa wodi ile, na mlinzi wa getini aliyekuwa akimwachia apite hata muda wa kuona wagonjwa ukiwa umekwisha. Karakana yake ikasimamisha kazi za watu kwa siku mbili: alichomelea meza mbili ndefu na mabenchi manne, akayapiga rangi ya kijani. Mkewe alimwonya kwamba mawingu yale hayataacha rangi ikauke. Cheche akasema rangi hiyo anaijua. Jirani yao, mwalimu mstaafu asiyependa kelele, alishangaza kila mtu kwa kutoa sufuria zake kubwa na vikombe ishirini na vinne ambavyo hakuna aliyewahi kunywea.

Siku tatu kabla ya sherehe akaingia mama mkwe na begi moja na visu vyake mwenyewe vimefungwa ndani ya gazeti. Alikuwa amepikia watu kwenye bweni la shule kwa miaka mingi, na kupikia watu thelathini kwake kulikuwa kama kuchemsha chai. Alikagua jiko, akakagua mchele, akaonja mafuta kwa ncha ya kidole, halafu akampa mkwewe kazi aliyoona anaiweza, yaani kumenya vitunguu. Cheche, ambaye kazini alitazama moto siku nzima nyuma ya kioo cheusi, alilia kwa vitunguu mpaka akaomba ruhusa akavae miwani yake ya kuchomelea. Mama mkwe, kwa heshima iliyopo kati yao, aligeuka upande wa ukuta ndipo akacheka.

Ijumaa mchana simu ikalia. Alikuwa mkuu wa wodi, sauti yake imejaa aibu. Ratiba ya zamu ilikuwa imebadilishwa. Saa kumi wataweza kufika wale tu watakaotoka zamu ya asubuhi, nao ni wanne. Wa mchana watakuwa kazini, na wa usiku watakuwa wamelala ili warudi tena kazini usiku. Aliomba wasamehewe, akasema nia yao wameiona na inatosha.

Cheche alishika tama kwenye ngazi ya mlangoni. Kuku walishachinjwa, keki ilishaagizwa, na hotuba yake aliyoiandika kwenye karatasi la kuandikia vipimo vya mageti alikuwa ameikariri nusu. Alimwambia mkewe kwamba labda waahirishe. Mkewe akamuuliza waahirishe mpaka siku gani, hospitali itakapofungwa? Mama mkwe, aliyekuwa akichagua mchele, hakuinua hata uso.

"Baba Robo," akasema, "huyu mtoto walimlea kwa zamu. Na sisi tutawapokea kwa zamu. Mlango uwe wazi tangu asubuhi. Mimi sufuria zangu nitazipanga."

Na ndivyo ilivyokuwa. Cheche akampigia mkuu wa wodi, akamwambia kila mtu aje saa atakayoweza. Jumamosi saa tatu kasorobo asubuhi, keki hata haijafika, wakaingia watatu waliotoka zamu ya usiku, macho mekundu, viatu vyeupe. Wa mwisho kati yao alikuwa yule mwenye miwani.

Cheche alijikuta amesimama wima kama mtoto wa shule. Karatasi lilikuwa mfukoni lakini maneno yalimkimbia, akabaki akimshika mkono yule mama kwa mikono yake yote miwili. Akamkumbusha kiti cha plastiki, khanga, blanketi. Yule mama akamtazama usoni, akamtazama mtoto, akaonekana anatafuta. Mwisho akatikisa kichwa.

"Baba, nisikudanganye. Wamepita wengi mikononi mwangu. Sikumbuki."

Neno lile lilimchoma, hawezi kusema uongo. Mwaka mzima yule mama alikuwa akiishi kichwani mwake, na kumbe yeye kichwani mwa yule mama hakuwamo. Alitoka kwenda uani akajifanya anapanga mabenchi. Mkewe akamfuata, mtoto begani. Hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba yeye anasuka vichwa sita kwa siku, na hakumbuki hata kimoja mwezi ukipita, lakini kila kimoja anakisuka vizuri. "Kukumbuka ni kazi yetu sisi," akasema. "Yake aliimaliza siku ile ile."

Cheche akashusha pumzi. Akarudi ndani kumkaribisha mgeni wake chakula, akamkuta amelala.

Alikuwa amelala amekaa, kijiko mkononi, sahani ya wali magotini ikiwa imeguswa kidogo tu. Wenzake wawili walitaka kumwamsha, wakisema ni aibu. Mama mkwe aliweka kidole mdomoni. Akaichukua sahani taratibu, akamvua miwani. Mkewe Cheche akamvua viatu, akamnyoosha miguu kwenye kochi, akamfunika. Wote wakatoka kwa ncha za vidole.

Sherehe ikahamia uani, na ikawa sherehe ya minong'ono. Muziki ulizimwa kabla haujawashwa. Wauguzi wa zamu ya mchana walipofika saa tano, Cheche aliwapokea nje ya geti akiwaeleza kwa ishara kwamba ndani kuna mtu amelala, na wao, ambao maisha yao yote ni kutembea bila kuamsha watu, walielewa mara moja. Walikula, keki ikaja ikakatwa, wakanong'ona, wakapokezana Robo mkono kwa mkono, wakacheka huku wameziba midomo. Rangi ya kijani, kama ilivyotabiriwa, haikuwa imekauka, na kila aliyesimama aliondoka na mstari nyuma ya nguo. Waligundua kwa kutazamana, na hapo kuzuia kicheko ndiko kulikokuwa kazi. Mwalimu mstaafu alisema hajawahi kuhudhuria sherehe yenye adabu kama ile, akaongezewa kuku.

Yule mama aliamka saa nane. Alitokea uani bila miwani, nywele zimelala upande mmoja, amefadhaika, akiomba radhi kwa kila aliyekutana naye. Mama mkwe alishamwekea maji ya moto bafuni na chakula kipya mezani. Alioga, akala sahani nzima, akaongeza. Cheche alikuja akakaa mbele yake. Karatasi halikutoka mfukoni.

"Mama," akasema, "asante. Basi. Nilikuwa na maneno mengi, lakini yote ni hilo moja."

Yule mama akanyoosha mikono. Alimchukua Robo, akampitishia kiganja nyuma ya shingo, akamshika mapaja, akamtazama kucha, kama mtu anayekagua kazi. Kisha akasema kwamba hakumbuki siku yoyote aliyoingia nyumba ya watu akalala bila kusikia mashine inalia, na kwamba huko wodini hawaoni watoto wakishakuwa wakubwa. Wanawaona wadogo tu, halafu wanatoka, halafu wanaingia wengine. "Leo nimemwona mmoja ana meno," akasema. Akamgeukia tena mtoto.

Saa kumi wakaja wale wanne, na mkuu wa wodi akiwa mmojawao, na keki ikakatwa mara ya pili. Mlinzi wa geti alipita akielekea kazini, akala amesimama, mwishowe akakaa, akapata mstari wake wa kijani. Jua likashuka, wageni wakaondoka mmoja mmoja na vifurushi vya chakula vya wale waliokosa nafasi.

Aliyebaki ni mama wa usafi, aliyekuja pamoja na wale wa saa kumi. Alikuwa amekunja mikono ya gauni, anaelekea kwenye beseni la vyombo. Mama mkwe akamwahi, akamnyang'anya sponji.

"Hapana, mwanangu. Wewe leo ni wa kukaa."

Mama wa usafi akacheka, akabisha kidogo, akakaa. Cheche alichota wali uliobaki chini ya sufuria, sahani yake ya kwanza tangu asubuhi, akaketi karibu naye kula, na mkewe akaenda kuwachemshia chai.