Mbele ya Maandishi

…na nukta za shin, ile herufi ya Kiarabu katika jina la Inshirah, ndizo zilizotangulia kupotea, zote tatu kwa mpigo, zikaingia chini ya koti la bluu la Ustadh Medhat, yaani Ustadh Medhat wa kwenye picha, maana yule wa kweli amesimama nyuma ya kiti cha Inshirah na glasi ya chai mkononi, anaipuliza karibu kabisa na sikio lake na kusema, "Chini kidogo, Abla Inshirah, chini kidogo tu, hapo naonekana kama naelea," na Inshirah anaisogeza picha chini kidogo, kwa kidole chake mwenyewe, kwenye jalada la kitabu chake mwenyewe, juu ya jina lake mwenyewe, kwa sababu mkuu wa somo la sayansi wa shule nzima hajui kusogeza picha, miaka ishirini na sita kazini na kompyuta anaigusa kama mtu anayepapasa pasi ya nguo ili ajue kama ina moto, hajui kwamba picha ukiiingiza tu inakaa mstarini kwa adabu kama neno miongoni mwa maneno, mpaka uibonyeze, ushuke pale chini, uchague, nyuma ya maandishi au mbele ya maandishi, na ukichagua mbele basi adabu imekwisha, inapanda juu ya chochote inachokikuta, na maneno yaliyo chini yake hayafutiki, hapana, yapo pale pale, kila herufi na nukta yake, ila hakuna atakayeyasoma… alimwonyesha mwaka jana, mara tatu, na mara zote tatu akacheka, "Mambo haya nawaachia ninyi vijana," kijana gani, ana miaka arobaini na minne na magoti yanamlilia kila akipanda ngazi za darasa la juu. "Chini tena," anasema Ustadh Medhat, "kama nusu kidole," na hajasema funika, hajasema futa, hata kwa bahati mbaya hajalitamka jina lenyewe, yeye anazungumzia picha tu, uzuri wa picha, mizani ya picha, na kule dirishani Abla Firyal, mwalimu wa Kiarabu, mkate wake wa taamiya, zile bajia za maharage, umefunguka mapajani, anasema bila kugeuka, "Ustadh, ukizidi kushuka utatokea ukurasa wa pili," na walimu wawili wanacheka, na Ustadh Medhat naye anacheka, ana kicheko kizuri, ndilo balaa lake, mtu hawezi hata kumchukia kwa raha.

Kurasa sitini na mbili, miaka mitatu, kila mchoro kwa mkono, penseli kwanza, halafu wino, halafu rangi za maji za binti yake, kisha kupiga picha kwa simu pale barazani saa nne asubuhi wakati jua la Damanhur halijawa kali la kuunguza karatasi, kisha kupandisha yote mtandaoni kwa sababu kompyuta ya shule iliwahi kufa na mitihani ya muhula mzima tumboni, na huko mtandaoni ndiko alikogundua ule mchezo, usiku… si usiku, ilikuwa kipindi cha nne, wasichana wa Tatu B wakimtazama, akaweka mifupa nyuma, juu ya mifupa akaweka misuli, juu ya misuli ngozi, picha tatu zilizolaliana sawasawa hivi kwamba unaona moja tu, akawaambia kila mmoja afungue simuni kwake nyumbani, aivute ngozi pembeni kwa kidole aone kilicho chini yake, na kesho yake Rodina, yule asiyefungua mdomo mwaka mzima, akaingia darasani anapiga kelele, "Abla! Abla! Nimemchuna mtu!" na darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mwezi ule Tatu B wakaongoza mkoa katika sayansi, na ndiyo maana leo mkaguzi anakuja, saa saba, baada ya adhuhuri, anakuja kukiona kitabu ambacho ameambiwa kimetoka kwa… "Mandhari ya nyuma imekaa vizuri," anasema Ustadh Medhat, "lango la shule linasomeka, mimi mbele ya lango, kama namkaribisha mgeni," na kweli lango lipo nyuma kabisa, amelipeleka nyuma Inshirah mwenyewe, na juu ya lango amembandika Ustadh Medhat, kakatwa kutoka picha ya sherehe ya kumuaga mkuu aliyepita, kakatwa vibaya, kwa sababu begani mwake umebaki mkono wa mtu, vidole vinne vya mtu asiyekuwepo, vimemshika koti, na alipomwambia, "Ustadh, kuna mkono hapa," akainama, akatazama, akasema, "Uache, unaleta hali ya ushirikiano." Ushirikiano! Angeweza kusema hapana, lakini hapana anaisema nani, hapana ni ya wenye ajira ya kudumu, akina Firyal, yeye ni mwalimu wa vipindi, mwaka wa kumi na moja sasa, kila Juni karatasi ya mkataba wake inapita mezani kwa Ustadh Medhat, na kila Juni anaisaini mbele yake polepole, akisifu hali ya hewa, na mumewe Sabri jana alipomwona anazunguka jikoni na kifuniko cha sufuria mkononi akasema, "Nyamaza Inshirah, mwachie jina lake, jina utalila?" na Inshirah akamwachia kifuniko ili asimtupie…

"Inshirah," anasema Ustadh Medhat, sasa bila Abla, maana yake kuna ombi, "ule mkono. Ule wa ukurasa wa thelathini na moja. Tuulete hapa jaladani, mkubwa, nyuma yangu mimi na mbele ya lango. Mkaguzi ni daktari wa mifugo kwa asili yake, atauona tu. Ule ndio bora kuliko yote, wallahi, mingine mizuri, lakini ule una uhai," na Inshirah anashuka mpaka ukurasa wa thelathini na moja, kurasa zinapita, moyo, figo, jicho lililopasuliwa katikati, na huu hapa mkono, mkono wa kushoto, toka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, misuli imesukwa kama kamba za mashua… si kamba, kama nywele za msichana zilizosukwa na mama mwenye haraka, na pale chini ya dole gumba ule mfupa uliotokeza kidogo, ambao haumo katika kitabu chochote cha sayansi, kwa sababu huo si mkono wa binadamu kwa jumla, huo ni mkono wa mtu mmoja. Ule una uhai, amesema. Katika michoro yote sitini na kitu. Amechagua huo… Bonyeza, nakili, rudi jaladani, bandika. Mkono unaingia mstarini kwa adabu, ukilisukuma lango upande, na Inshirah anautazama na hauchagulii nyuma wala mbele, kwa sababu ghafla yuko Kafr el-Dawar, kwenye shule yake ya kwanza kabisa, ana miaka ishirini na tisa, na Abla Awatif, mwalimu mkongwe wa sayansi, ananyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza ya maabara, mkono mnene wenye madoa ya wino, na kwa mkono wa kulia anauchora, "Mtu wa kukaa kimya masaa matatu bila kuomba chai sikumpata, binti yangu, nikajichora mwenyewe," alisema hivyo, akacheka, "hapa chini ya dole gumba nilivunjika nikiwa mdogo, nilianguka juu ya banda la njiwa, fundi wa mifupa akauunga upande," na kwa misuli alikwenda kwa mchinjaji kununua mguu wa ndama, akauchuna taratibu jikoni kwake utando kwa utando mpaka dada yake akahama nyumba kwa siku mbili… Na Inshirah akauomba mchoro. Siku moja tu, Abla, niutazame vizuri nyumbani. Chukua, binti yangu. Ijumaa asubuhi, jua limejaa dirishani, akaubandika kwenye kioo, juu yake akaweka karatasi nyeupe, na mistari ikajitokeza yenyewe kupitia karatasi kama mishipa kwenye ngozi ya mtoto, akaifuata, mstari kwa mstari, kidole kwa kidole, mpaka ule mfupa, mpaka kucha, mpaka pembeni chini, pale palipoandikwa kwa herufi ndogo kabisa, Awatif, na penseli ikasimama.

Ikasimama tu. Hakuna aliyekuwa nyuma ya kiti. Hakuna aliyepuliza chai sikioni mwake na kusema chini kidogo, hapakuwa na mkataba wala Juni wala saini, alikuwa peke yake na jua, na penseli ikaliruka jina hilo, ikaenda kumalizia kivuli cha kiwiko. "Vipi, inagoma?" anauliza Ustadh Medhat. "Mtandao unasuasua," anasema Inshirah, na mtandao hausuasui, uko sawa… Na mwaka ule ule maonyesho ya sayansi, mkono umetundikwa ukutani, umepakwa rangi, umekolea kuliko ule wa kwanza, na Abla Awatif akaja na koti lake la sikukuu, akasimama mbele yake, pochi imebanwa kwapani, na msichana mmoja akauliza, "Abla Inshirah, nani kachora huu?" na yeye akasema, mimi. Haraka. Kama mtu anayeulizwa saa. Na Abla Awatif hakugeuka, akatazama zaidi, akasema, "Mkono umekaa vizuri," kisha akauvuta mkono wa kushoto wa koti lake mpaka ukafunika kifundo, mpaka ukafunika dole gumba, na akauweka mfukoni, na hivyo ndivyo alivyotembea maonyesho yote mpaka mwisho, akinywa sharubati kwa mkono mmoja. Kiangazi kile akastaafu. Inshirah akasikia kahamia mji wa Rashid, kwa mtoto wa kaka yake. Miaka minane baadaye alimwona kwenye duka la dawa, kakonda, anahesabu vidonge kiganjani, na Inshirah akajificha nyuma ya kabati la shampuu mpaka alipotoka, mtu mzima na mkoba wake, nyuma ya shampuu… na akasahau, au si kusahau, aliweka tu vitu juu yake, mwaka juu ya mwaka, shule juu ya shule, figo na moyo na jicho, michoro ambayo ni yake kweli, aliyokesha nayo, mpaka mkono ule ukawa chini kabisa na yeye mwenyewe akaamini kwamba hakuna kitu pale chini.

Anajaribu kurudi kwenye chuki yake ya asubuhi, ilikuwa nzuri, ilikuwa safi, amekuja nayo kutoka nyumbani imekunjwa vizuri kama shuka, anamtazama Medhat wa kwenye picha, kicheko chake, koti lake, mkono wa mtu begani, na anatafuta ile hasira na anaipata, ipo, haijaenda popote, mwizi ni mwizi, lakini haimtoshi tena, inambana makwapani kama nguo ya mtu mwingine, na hilo ndilo linalomchoma zaidi, kwamba huyu mtu asiyejua kusogeza picha amemchukulia kitabu, amemchukulia jina, na sasa bila hata kujua amemchukulia haki ya kumkasirikia, kwa kuwa na jicho zuri tu, kwa kuchagua mchoro mmoja. "Abla, tunacheleweshana," anasema, "ubandike nyuma yangu tuchape." Kishale kinapepesa. Chini ya koti kumebaki mikia ya herufi za jina lake, mkia wa ha na kichwa cha alifu, kama vidole vya mtu chini ya mlango, na juu yake mkono umelala mstarini unangoja kuambiwa ukae wapi, na Inshirah anasikia sauti yake inasema, "Ustadh, hapa linatakiwa jina la aliyechora."

Kule dirishani Abla Firyal anaacha kutafuna. Ustadh Medhat anaiweka glasi mezani, anavuta pumzi, na kile kicheko kizuri kinamtoka, kicheko cha mtu aliyeamua kuwa mkarimu mbele ya watu, "Aaa, kumbe ndilo hilo linalokukaa rohoni tangu asubuhi! Jamani, nani kalikataa? Firyal, wewe shahidi. Wote humu wanajua. Si wewe uliyechora?" na chumba kizima cha walimu kimegeuka, vikombe vimesimama hewani, kila mtu anamtazama yeye na skrini, yeye na skrini, na hili ndilo neno alilolisubiri miaka kumi na moja, litamkwe na huyu, mchana, mbele ya mashahidi, na limetamkwa, lipo, linamngoja aitikie kwa kichwa tu, "Sema basi, Abla. Si wako huu mkono?" na kipanya kiko pale pale chini ya kiganja chake, na koti liko pale pale juu ya jina lake.

"Si wangu," anasema Inshirah.