Vichanja Nyuma ya Bibi

Picha ya ujanani ya Bibi Borghild ingetoka gazetini Jumamosi, siku atakayotimiza miaka themanini. Nyuma yake vilijaa vichanja vya kukaushia samaki.

"Vifute, Sunniva, uweke bustani ya waridi," Shangazi Torhild aliagiza. "Wakwe zangu wa Oslo watasema tumekulia kwenye shombo."

Sunniva, mjukuu wa Bibi, alijaribu kwenye kompyuta. Katikati ya waridi akamwona msichana asiyemjua. Akavirudisha vichanja, akafuta gari tu lililoegeshwa nyuma ya bega la Bibi.

Jumamosi Bibi alilishika gazeti akacheka mpaka machozi. "Hapo ndipo nilipokuwa nakata ndimi za samaki chewa za kuuza! Wavulana wote walikiogopa kisu changu!"

"Umetuaibisha, wewe mtoto," Shangazi alifoka. "Omba radhi."

"Siombi, Shangazi. Hata kesho siombi."