Pemba Juu ya Hesabu

Mkono wa Mama ulizama katika ndoo ya udongo, ukatoka mweupe mpaka kiwikoni, ukapita ukutani. Mstari mzima wa hesabu ukapotea.

"Nawe, paka ukuta! Unangoja wafike?"

Nikapaka. Ulikuwa mwaka 1964, na waasi walikuwa wameuteka mji wetu wa Kalemie, wakati huo ukiitwa bado Albertville. Walikuwa wakipekua nyumba za mtaa wetu. Aliyekutwa na maandishi wasiyoyaelewa aliitwa mpelelezi, akachukuliwa, na hakurudi.

Kaka yangu Néhémie alisomea fizikia ya hisabati Ulaya, akarudi baada ya uhuru. Alitaka kujua kwa nini ziwa letu, upepo wa kusini ukishatulia, huendelea kuyumba kama maji ya karai lililobebwa kichwani. Karatasi zilipoadimika, alihamia ukutani na kaa la jikoni. Siku moja, alisema, hesabu ile ingewaambia wavuvi wa kijiji cha Mpala maji yatapanda lini. Mama alisema ukuta ni wake.

Sasa Néhémie alisimama katikati ya chumba, mikono imelegea. Hakutusaidia, wala hakutuzuia.

Wakaingia vijana wawili wenye bunduki, majani kichwani. Mmoja akagusa ukuta.

"Hii njo nini, Mama?"

"Pemba, mwanangu. Wamezaliwa mapacha katika ukoo."

Akakifuta kidole upesi. Udongo huo mweupe ni wa baraka, hupakwa mapacha wanapozaliwa, na kwetu hakuna anayechezea mapacha.

"Na wewe, Papa wa miwani? Kazi yako?"

Néhémie akafungua mdomo. Nililijua neno lililokuwa pale: fizikia. Alilipenda kuliko jina lake.

"Nasiliba nyumba," akasema.

"Fundi gani huyu? Hata kucha hazina udongo!"

Bunduki ikainuka kidogo.

"Mvivu huyo!" Mama akafoka. "Si munaona? Wanawake njo wanapaka, yeye anatuangalia tu. Mumuchukue, nimechoka kumulisha!"

Wakacheka mpaka majani yakatikisika. Wakatoka, wakaenda kwa jirani.

Mama alinawa taratibu. Alimtazama mwanawe, kisha ukuta.

"Ikikauka, itashika kaa?"

Néhémie akapapasa ule weupe kwa kiganja.

"Itashika, Mama."

Alasiri alianza upya, mstari wa kwanza. Mama akachukua ungo wa mchele, akaketi mlangoni, uso akiuelekeza barabarani.