Kibiskuti Sandukuni

Baba alisema nitaolewa na Anker siku ambayo Chama cha Ndugu wa Denmark kitampokea. "Ndugu wote wakimkubali, mimi ni nani nikatae?" Hapo nikashtuka. Baba yangu, Jeppe Overgaard, ni mtu wa Jutland, na mtu wa Jutland hamwagi maneno mengi hivyo bure.

Kwetu hapa Iowa, mwanachama mpya hupigiwa kura kwa gololi zinazotiwa sandukuni. Nyeupe ni ndiyo, nyeusi ni hapana, na nyeusi moja tu inamrudisha mtu kwao. Nani katia ipi, haijulikani. Anker ni wa kisiwa cha Fyn, anapiga kodiani na anacheka hata kanisani. Baba hawezi kumvumilia.

Kura ilipigwa Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Anker alisimamishwa nje kwenye theluji, kama ilivyo desturi. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, na mimi kwenye dirisha la kupitishia sahani.

"Dagny, unachungulia nini?" akauliza Mama Abelone.

"Naangalia kama kahawa yao imeisha."

"Kahawa gani hiyo inayokutoa jasho?"

Nilimwona baba akichukua gololi na kuzamisha ngumi mfukoni, rangi isionekane. Mfuko ule nilikuwa nimeujaza mwenyewe vibiskuti vya viungo vya Krismasi, vile vigumu, vya mviringo, sawasawa na gololi. Akatia mkono sandukuni, akautoa, kisha akajitupia kitu mdomoni. Akauma. Taya likasimama.

Mwenyekiti Bruun akafungua sanduku. "Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Ndugu zangu, hiki ni nini?"

"Kibiskuti!"

"Cha kahawia. Kahawia ni karibu na nyeusi," akasema Søren.

"Labda vile anavyooka mkeo!"

"Nimesikia hayo!" mke wa Søren akapaza sauti kutoka jikoni.

Bruun akagonga meza. "Aliyekitia aseme alikusudia nini. Akinyamaza, ni ndiyo. Hakuna mtu wa Denmark anayempa adui yake kibiskuti cha Krismasi."

Baba alikuwa mwekundu, shavu moja limevimba. Nikaingia na birika.

"Baba, nikumiminie?"

Akatikisa kichwa.

"Ndugu Jeppe, una neno?" akauliza Bruun.

Akatikisa tena.

"Watu wa Jutland hawa!" Ukumbi mzima ukacheka.

Anker akaitwa ndani, theluji mpaka kwenye kope. Kila ndugu humpa mgeni mkono na kumkaribisha kwa sauti. Zamu ya baba ilipofika, alitoa leso, akakohoa ndani yake muda mrefu, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni.

"Karibu, ndugu," akasema.

Leso za nyumbani nafua mimi. Gololi nyeusi niliyoikuta ndani nimeirudisha chamani. Ina alama ya jino.