Makochi ya Mzee Hashimu

Gari la wakaguzi lilikuwa limeshaipita kona ya msikiti wa Kolo, jogoo wa zawadi akipiga kelele nyuma, na Bi Zaitun bado amesimama mlangoni anapunga mkono. Jicho la kushoto lilikwisha zamani kwa mtoto wa jicho. Kwa la kulia aliona vumbi tu. Aliwaombea wageni safari njema, wala hakujua kwamba jicho hilo la kulia ndilo alilokuwa akiliaga.

Walikuja kutafuta mzee asiyejiweza wa kupewa kadi ya kutibiwa bure. Kwa kitongoji chao ilibaki nafasi moja. Ilipojulikana kwamba wataanzia kwa Zaitun, majirani waliingiwa na aibu. Wageni wa serikali wakalie mkeka? Mzee Hashimu, mwenye mashine ya kusaga, akaamuru makochi yake yahamishiwe kwa Zaitun, na zulia, na vikombe vya maua, na televisheni, ingawa nyumba ile haikuwa na umeme wa kuiwashia. Zaitun akachinja kuku wake aliyekuwa akitaga.

Bwana Gerson na mwenzake, binti aitwaye Gladness, walikula wakashiba. Katikati ya kula Gerson akamuuliza bibi ana shida gani. Sasa mtu ana mnofu mdomoni, nawe uanze kumhesabia umaskini wako?

"Hatujambo, alhamdulillahi," alisema Zaitun. "Ongeza mchuzi, mjukuu wangu."

Gerson akaongeza. Akaeleza kwamba mpango huu ulipangwa wakati wazee walikuwa wachache. "Siku hizi hamfi, bibi. Mnatuharibia hesabu."

"Tusameheni, baba. Tutajitahidi."

Wakacheka wote, kisha wageni wakaingia kwa Hashimu. Huko walikuta sebule tupu, mzee mzima amekalia debe, hana hata kikombe cha kumpa mgeni maji. Gladness akafuta machozi. Hashimu alijitetea kwamba makochi anayo, televisheni anayo, viko kwa jirani. Wakatazamana. Maskini, na akili nayo imeanza kumtoka.

Jina lake lilipotangazwa, Hashimu alifuata makochi yake kwa Zaitun kichwa kikiwa chini.

"Niende nikawaambie ukweli?"

"Ukaseme tuliwalaghai wageni, na chakula chetu walikula?"

"Na jicho lako?"

"Chukua makochi, kaka Hashimu. Zulia ulikung'ute, lina mifupa."

Jicho lilizimika kabla ya mavuno. Bintiye Ikram, anayewapikia wanafunzi wa chuo kule Chimwaga, alimchukua akae naye. Sasa Zaitun anamenya vitunguu kwa kupapasa. Gladness amehamishiwa Chamwino. Gerson bado anazunguka vijijini kukagua wazee. Jogoo aliliwa Jumapili ya wiki ileile ya ukaguzi. Hashimu ana kadi yake, na haumwi.