Vumbi la Mirihi

Mwaka 1956, sayari ya Mirihi ilipoikaribia dunia, watu wa kambi ya mkonge karibu na Pongwe waliiona ikichomoza mara jua linapozama, nyekundu kama kaa la moto. Wengine walisema ni dalili ya vita. Mwalimu Asheri, aliyewafundisha watu wazima kusoma baada ya kazi, akaamua somo la siku hiyo liwe hilo.

"Ni nchi kavu ya mawe kama hii yetu, ila ndogo," aliwaambia. "Wekundu wake wadhaniwa ni kutu, chuma kilichomo udongoni. Baridi kali, maji ya kunywa hakuna. Upepo ukivuma, vumbi hufunika kila kitu, hata kwa darubini huoni."

"Na mtu atavuta pumzi vipi?" aliuliza Manase.

"Hawezi. Hewa yake ni nyepesi mno."

Manase alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alifanya kazi katika chumba cha kusugulia katani kwa brashi, ambako vumbi halitui kutwa nzima. Darasa lilimngoja amalize. Hakumaliza upesi.

Kesho yake Asheri alimwendea nyapara, akamwomba Manase ahamishiwe shambani, penye hewa.

"Wewe fundisha nyota zako," nyapara alimjibu. "Anayeshindwa kazi arudi kwao Upare, chumba cha kambini atuachie."

Asheri hakumfikishia Manase maneno hayo. Alimwambia tu kwamba wanafikiria. Kufika Novemba Manase alikuwa hawezi tena kulala chali; alikaa ameegemea ukuta, mkewe Ruthi akimpepea.

"Mwalimu, wamekwisha kufikiria?"

Manase alifariki kabla ya Krismasi.

Baada ya matanga Asheri alikwenda kumwuliza Ruthi atarudi lini Upare.

"Nirudi kwa nani? Wazazi wangu hawapo, na shamba shemeji zangu wamekwisha kugawana." Watoto wake wawili walikuwa wakinywa uji nyuma yake. "Nyapara kaniachia chumba. Naanza kazi Jumatatu."

"Wapi?"

"Pale pale alipokuwa baba yao."

Asheri alitaka kumkataza. Akawatazama wale watoto. Ruthi alikuwa amechana kanga kuukuu vipande vipande, akijaribu kimoja usoni, kizibe pua na mdomo. Akamwomba amkazie fundo kisogoni, maana akilifunga mwenyewe lilikuwa likilegea. Mwalimu akalikaza.