Kifungo cha Ndani ya Kola

Mtanibishia, najua. Hata mimi ningesimuliwa hiki kinachotokea kwetu wiki hizi, ningesema huyu kazidisha chumvi.

Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Mteja analeta alichoandika kwa mkono, mimi nachapa. Basi akaanza kuja mzee mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, tukambatiza Kalamu Tatu. Anaandika riwaya ya enzi za vita: ndugu wawili, mkubwa anachukuliwa jeshini na kumwacha mkewe, ndoa ina miezi miwili tu. Kila Jumatatu analeta sura moja, mwandiko kama mchwa wamepita.

Jamani, ile hadithi inanoga mpaka unasahau kula. Nikawa nazipiga picha kurasa kwa simu, kitu ambacho bosi amekataza kabisa, na jioni namsomea bibi yangu huku anakunja nguo. Bibi alikuwa fundi cherehani lakini kusoma hajui. Miaka yote msomaji wake ni babu, kuanzia barua mpaka karatasi za dawa.

Mwanzoni babu alikuwa wa kwanza kuvuta kiti. Yule mke akilia, babu anamcheka bibi: "Nyinyi wanawake machozi yenu yako karibu kama bomba bovu." Bibi anamjibu: "Lako la moyo lilishakauka."

Ikaja sura ya tatu. Yule mke anamshonea mumewe shati la safari na kumwekea kifungo cha akiba ndani ya kola. Bibi akaacha kukunja. Mashati yote ya nyumbani kwetu yana kifungo hapo, na mimi nilidhani mafundi wote wanafanya hivyo.

"Rudia hapo," akaniambia.

Nikarudia. Ndipo akanieleza taratibu kwamba kabla ya babu, aliolewa na kaka yake babu, na huyo kaka akafia vitani. Barua ya msiba ilikuja, babu akamsomea. Alikaa mwaka mzima akimlilia, ndipo babu akamwoa.

Tangu siku hiyo babu akageuka. Mara hadithi ni ya uongo, mara simu inaniharibia macho. Siku moja akanifuata uani, akaniuliza huyo mteja wangu yukoje. Nikamwambia ni mzee tu, mrefu, mpole.

"Bado anauvuta ule mguu wa kushoto?"

Kweli Kalamu Tatu anauvuta mguu wa kushoto. Lakini mimi sikumwambia babu. Na kwenye hadithi, mpaka pale tulipofika, hakuna aliyeumia mguu. Sasa marehemu wa vitani, mguu wake babu kaujulia wapi? Nikamtazama, akajifanya anatafuta ndala.

Jumatatu ikaja sura ya sita. Nikaichapa. Askari amelazwa hospitalini, anamwandikia mdogo wake: nimevunjika mguu wa kushoto lakini ni mzima, msomee mke wangu, mwambie anisubiri. Jibu linarudi kwa mkono wa mdogo mtu: mkeo hakusubiri, ameshaolewa, usije ukajiaibisha. Askari anakunja barua na kwenda kuishi kwingine.

Nikabaki nimekikodolea macho kioo cha kompyuta. Ina maana ile barua ya msiba ilisomwa isivyoandikwa. Na ingesomwa sawasawa, mama yangu asingezaliwa, wala mimi nisingekuwa hapa nawasimulia.

Nikarudi nyumbani. Bibi keshakaa, nguo hajazigusa. Babu naye yupo, kavaa shati lililopigwa pasi kama mtu anayekwenda barazani kujibu kesi. Nilitaka kusema simu imeisha chaji, lakini ilikuwa inawaka mkononi.

"Mjukuu wangu," babu akasema, sauti chini, "hizi sura nyingine ni ndefu. Unaweza kurukaruka."

Bibi hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Nimesomewa maisha yangu yote," akasema. "Leo nisomee kilichoandikwa."

Nikafungua picha ya kwanza. Babu ana miaka themanini na mbili na moyo wake unaenda kwa vidonge. Bibi kanilea tangu nina wiki tatu, na neno langu analiamini kuliko la mtu yeyote. Wote wawili wananisubiri nifungue mdomo.

Ungekuwa wewe, ungesoma nini?